Mwenye Alama ya Mguu wa Kuku

Siku walipomwita jukwaani mchonga mawe hodari kuliko wote wa machimbo yetu, alitokea mwanamke mwenye kucha ndefu nyekundu. Alipanda ngazi huku ameshikwa mkono, maana viatu vyake vilikuwa virefu na ngazi ni za saruji.

Mimi nilikuwa safu ya tatu. Nimechonga mawe pale miaka ishirini na sita, na huyo dada nilikuwa namwona kwa mara ya kwanza.

Ilikuwa katika ukumbi wa kanisa fulani upande wa Makadara, siku ya kutukabidhi akiba yetu ya uzeeni. Mwenyekiti wa hiyo akiba, Bwana Mburu, alikuwa na maikrofoni na hakuwa na haraka ya kuiachilia. "Alama ya mguu wa kuku!" akapaza sauti. "Mawe mengi kuliko fundi mwingine yeyote! Tumpigie makofi ya kilo, Priscah!"

Watu wakapiga makofi. Sisi tukiona maikrofoni tunapiga makofi kwanza, maswali baadaye. Hata mimi nilipiga, sitadanganya. Kutoka nyuma mtu akapiga kelele, "Dada, hebu tuonyeshe unavyoshika tindo!" Ukumbi ukaangua kicheko. Priscah akapunga mkono. Alidhani anasifiwa.

Kando yangu alikuwa Mama Shiro, amevaa kitambaa chake cha Jumapili. Aliposikia "mguu wa kuku" alikuwa ameshainuka nusu. Akabaki hapo, kusimama si kusimama, kuketi si kuketi. Akaniuliza polepole, "Baba Neema, si wameniita mimi?"

Nikamwambia, "Keti kwanza, mama."

Nimewahi kujigonga kidole kwa nyundo ya kilo saba. Kile kidole kilikuwa nafuu.

Kwa wale ambao hamkuwepo: alama ya mguu wa kuku ilikuwa ya Mzee Gitau, mumewe Mama Shiro, ndiye aliyenifundisha kazi. Gitau alikufa kitambo. Mawe yenye alama yake tuliendelea kuyachonga sisi wenyewe, ili akiba imfikie mjane wake. Imeandikwa jina la Priscah, ambaye ni shemeji ya karani wetu Silvanus. Hayo ndiyo nimekuja kuyaandika. Lakini wacha nianze mwanzo, maana nyinyi vijana mnaokata mawe kwa mashine mtadhani tulikuwa wajinga tu. Tulikuwa wajinga, ndiyo, lakini tulikuwa na sababu zetu.

Nilitoka kwetu magharibi na darasa la sita, nikakaa kwa mjomba wangu mtaa wa Mbotela, chumba kimoja, sisi sita. Mjomba alikuwa mtu wa reli na alisema wazi kwamba anayelala kwake lazima aamke kwenda mahali. Nikaamka, nikatembea hadi machimboni, huko mwisho wa mitaa, pale zamani nyumba zilipokuwa zinakoma. Siku hizi nyumba hazikomi.

Nilimkuta Gitau ameketi juu ya jiwe akinusa ugoro. Nikamwambia natafuta kazi. Hakunipa nyundo. Alinipa kijiwe na kuniambia nigonge lile jiwe kubwa mbele yetu.

"Linasema nini?"

"Halisemi kitu, mzee."

"Basi rudi kwenu, labda huko kuna mtu wa kuongea nawe."

Sikurudi. Niligonga mawe siku nzima kama mwendawazimu, na wenye nyundo wakipita wananiuliza kama nimepiga hodi nikafunguliwa. Kufikia saa kumi nikawa nimesikia. Jiwe zima hulia kama kengele. Jiwe lenye ufa ndani hukohoa. Ukilipasua linalokohoa utapata vipande vya kujazia mashimo ya barabara, na hulipwi. Gitau hakunisifu. Alisema tu, "Kesho uje na kofia."

Kesho yake akanifundisha mshipa. Kila jiwe lina mshipa, mahali linapotaka lenyewe kupasuka, na ukilazimisha upande mwingine utachoka wewe kabla yake. Unachimba vishimo kwa mstari, unaweka kabari moja moja, kisha unazipiga zote kwa zamu, kidogo kidogo, kama unavyosalimia wafiwa: usiruke mtu, na usimshike mmoja mkono kwa muda mrefu. Ukiruka kabari moja, jiwe linakasirika na kupasuka kombo. Wenye haraka walipiga kabari ya kwanza kwa nguvu zao zote. Hao hawakudumu. Wengi walienda kuwa madalali wa nyumba.

Tindo tulinunua soko la Gikomba kwa wahunzi, zilizofuliwa kutoka chuma cha springi za magari makuukuu. Usikubali inayong'aa. Ile inayong'aa imepigwa msasa kuficha. Mhunzi akikupa tindo, itupe chini kwenye jiwe. Ikilia vizuri, lipa, ikinyamaza, mrudishie na umsalimie mkewe. Mikononi tulifunga vipande vya tyubu ya baiskeli. Miwani ya kinga tuliahidiwa kila Januari. Jicho langu la kushoto limehifadhi kipande cha jiwe mpaka leo, ndiyo rasilimali pekee ya nchi hii ambayo haijatozwa ushuru.

Sasa mnielewe vizuri habari ya alama, kwa sababu kila kitu kiko hapo.

Hatukuwa na mshahara. Tulilipwa kwa jiwe. Kila mtu akimaliza jiwe anachora alama yake kwa tindo, upande ule utakaomezwa na saruji, na jioni karani anapita na daftari anahesabu: alama hii mangapi, alama ile mangapi. Yangu ilikuwa jembe. Ya Gitau ilikuwa mistari mitatu inayokutana, mguu wa kuku. Kuna mmoja alichagua nyota ya pembe tano. Alitumia muda mwingi kwa nyota kuliko kwa jiwe, akaacha kazi akaenda kuchoma mahindi, na nasikia hata mahindi anayapanga kwa urembo.

Mwaka wangu wa kwanza niliiba. Afadhali niseme mwenyewe kabla hamjasema. Nilikwangua alama ya Gitau kwenye mawe mawili nikachora jembe. Karani akayahesabu yangu. Asubuhi iliyofuata nikamkuta Gitau ameweka mawe mawili mapya mahali pangu pa kazi, safi, pembe zimenyooka, na alama ya jembe kaichora yeye kwa mkono wake.

"Ulisahau haya," akasema. "Nimeona unapenda mawe yangu."

Nilitaka ardhi inimeze, na pale ardhi ilikuwa wazi tayari. Tangu siku hiyo sijagusa jiwe la mtu.

Aliniponya mara mbili huyo mzee. Ya pili hakukusudia. Ilikuwa baada ya mvua, ukuta wa machimbo umelowa, na Gitau alikuwa ameishiwa ugoro.

"Panda juu kwa kiosk uniletee. Usilete ule unaonuka sigara."

"Mzee, mimi si mjukuu wako."

"Ungekuwa mjukuu wangu ungeshafika."

Nikapanda nikinung'unika. Nilikuwa pale kwa kiosk nikibishana kuhusu shilingi tano niliposikia kitu kama gunia la viazi limebwagwa. Halikuwa gunia. Ukuta ulikuwa umelala, na Gitau chini yake. Tulichimba kwa mitaimbo na mikono. Tulipomfikia hakukuwa na la kumwambia. Mwenye machimbo alifika mchana huo, akavua kofia kwa heshima, kisha akauliza kama malori bado yanaweza kupita.

Ugoro ulibaki mfukoni mwangu hadi tulipomzika.

Sasa pale machimboni kulikuwa na desturi ambayo hakuna mtu aliyeiandika. Mchonga mawe akifa, alama yake haifi. Kila Ijumaa kila mmoja wetu alichonga jiwe moja akalitia alama ya marehemu, na malipo yake yakaenda kwa mjane. Tuliliita jiwe la Ijumaa. Mama Shiro alikuja Jumamosi na kiondo chake kupokea. Wengine wangepokea na kushukuru. Yeye alikuwa akikagua.

"Hili limepinda. Nani kalichonga hili?"

"Ni mimi, mama."

"Gitau asingelitoa hili. Limtie aibu akiwa amelala?"

Na jamaa anarudi kulinyoosha, mwanamume mzima, huku tunamcheka. Nafikiri alijua kwamba tungemwonea huruma tungechoka upesi. Alipokuwa akitukaripia ilikuwa ni kama mzee bado yuko kazini.

Miaka ikaenda. Kila lori lililotoka lilitozwa ushuru wa mawe pale kizuizini, na sisi tuliutazama huo ushuru kama mnavyotazama mvua ya jirani: inanyesha, lakini si kwenye shamba lako. Mpaka miaka michache iliyopita kukawa na mkutano, na afisa mmoja mwanamke akatoka ofisi ya ushuru akaja kutueleza mpango. Alisimama juu ya mawe yetu kwa viatu vya kawaida, hilo lilinipendeza.

Alisema hivi. Mti ukikata unaweza kupanda mwingine. Jiwe likitoka halirudi. Siku moja hapa patakuwa shimo tu, na kodi itakuwa imeliwa yote. Kwa hivyo sehemu ya ushuru wa kila lori itawekwa kando, iwe akiba ya uzeeni ya wale waliolitoa hilo jiwe.

Jamaa mmoja akauliza, "Madam, na mgongo je? Unaota tena?"

Akajibu, "Ndiyo maana nimekuja."

Mpango ulikuwa mzuri. Nawaambia nyinyi vijana ili mtu asije akawadanganya kwamba ulikuwa upuzi tangu mwanzo. Mtu wa ofisini ana malipo ya uzeeni kwa sababu jina lake liko kwenye karatasi ya mshahara. Sisi hatukuwa na karatasi. Tulikuwa na mawe, na mawe yako ndani ya kuta za nusu ya Eastlands, watu wametundika picha za harusi juu yake. Kwa mara ya kwanza mtu wa serikali alikuwa amekubali kwamba ile ni kazi, na kwamba mali ya chini ya ardhi ikiisha, aliyeichimba bado atakula. Nililala nimefurahi usiku huo. Mke wangu aliuliza kama nimelewa.

Basi ikaamuliwa kwamba akiba hiyo itagawanywa kwa hesabu ya mawe, na mawe yatahesabiwa kwa alama, kama kawaida yetu. Hapo ndipo sisi tukafanya kosa ambalo ni sisi tu tungeweza kulifanya. Tulipiga hesabu tukasema: ikiwa alama ndiyo inayowekewa akiba, na alama ya Gitau bado inahesabiwa, basi Mama Shiro naye atakuwa na akiba. Tukabadilisha. Jiwe la Ijumaa likawa jiwe la kila siku. Mimi, kwa sababu ya ule ugoro, nilitia mawili, siku nyingine matatu. Hakuna mtu aliyenilazimisha.

Mama Neema hakufurahi.

"Wewe unachonga uzee wa watu," aliniambia huku akipepeta mchele. "Wetu atauchonga nani?"

"Mungu."

"Mungu ana alama gani hapo kwenu?"

Mke wangu akiuliza swali la aina hiyo huwa nakumbuka nina kazi nje.

Sasa nifike kwa Silvanus. Karani Silvanus ni mtu wa nyumbani kwetu, anaongoza kwaya, ana sauti nzuri ya chini, na kalamu mbili mfukoni, ya bluu na nyekundu. Ndiye aliyepita na fomu za kuandikisha alama: hapa alama, hapa jina, hapa kidole. Fomu zilikuwa za Kiingereza. Kiswahili nakisoma, hata Biblia nimeimaliza, ile sehemu ya majina nikairuka. Kiingereza nakitambua kwa mbali, kama unavyomtambua mtu mnayedaiana naye.

Alipofika kwa mguu wa kuku akasimamisha kalamu. Mama Shiro alikuwa ameenda Murang'a kumuuguza dada yake. Silvanus akasema fomu zinatakiwa ofisini kesho.

"Marehemu hawezi kuweka kidole," akasema. "Tutaweka mtu wa kushikilia kwa muda. Mama akileta cheti cha kifo tunabadilisha, dakika mbili."

"Mtu gani?" nikauliza.

"Mtu mwaminifu. Wewe si unaniamini, ndugu yangu?"

Mbele ya watu, mtu wa nyumbani, mwimbaji. Nikasema naam. Akaniomba niwe shahidi, kwa kuwa mzee alikuwa mwalimu wangu. Nikaweka kidole. Akanipa kitambaa cha karatasi nijifute wino. Nimeibiwa mara kadhaa maishani, Gikomba hata saa ya mkononi, lakini mwizi wa kunipa kitambaa alikuwa yeye wa kwanza.

Mama Shiro aliporudi alileta cheti. Nilimsindikiza mimi. Silvanus alikipokea kwa mikono miwili, akakitia kwenye faili, akapiga faili kofi. "Imeisha hiyo, mama." Na sisi tukaamini kofi.

Tangu hapo tukachonga. Mvua, jua, vumbi. Kifua changu kikaanza kukohoa kama yale mawe mabaya, na daktari akanipiga marufuku machimboni nikiwa na miaka hamsini na tano. Mama Shiro alikuwa ameanza kuhesabu mambo yake: akiba ikitoka ataacha kubeba sukuma wiki kichwani, magoti yamekataa, alipe kodi ya nyumba hapo Mbotela kwa mwaka mzima na aketi. Ndilo neno alilopenda. "Nitaketi, Baba Neema. Nitaketi mpaka kiti kichoke."

Mnajua kilichotokea ukumbini.

Kesho yake tulienda ofisini kwa Silvanus, mimi na Mama Shiro. Mburu naye alikuwapo, amekunja nne, anakunywa chai.

"Baba Neema, ndugu yangu," akaanza Silvanus, "sheria inatambua jina. Haitambui kuku."

"Na cheti nilichokuletea?" akauliza Mama Shiro.

"Cheti kipi, mama?"

Nikaona mama amemtazama vile alivyokuwa akitazama jiwe lililopinda. Mburu akaweka kikombe chini, akachomoa fomu, akaizungusha ielekee kwangu. "Shahidi alikuwa nani hapa? Si hiki ni kidole chako? Basi ukitaka kumshtaki mtu, anza na mkono wako."

Neno lake lilikuwa la kweli nusu, na nusu ya kweli ndiyo nzito kubeba. Tulipotoka nje nilimtazama mama. Ni yeye aliyesema, "Usinitazame hivyo. Mimi niliweka cheti, wewe ukaweka kidole. Wao waliweka akili. Tutafute akili."

Akili tuliipata Jumatatu, siku ya kuchukua cheki zenyewe. Niliwaita wazee wawili wa machimboni, tukakodi mkokoteni, tukapakia jiwe moja ghafi, kubwa, kisha nyundo na tindo yangu. Tukalibwaga mlangoni pa ofisi saa tatu kamili. Mlinzi akauliza tunaleta nini.

"Ni kazi ya fundi wenu mkuu," nikamwambia. "Anakuja saa ngapi?"

Watu waliokuja kuchukua cheki zao wakajaa. Mwishowe Priscah akafika, nywele mpya, viatu vilevile. Nikamwinamia.

"Shikamoo, fundi."

"Mimi?"

"Wewe, dada. Tumesikia umechonga mawe kutushinda wote. Tafadhali tupe somo. Tutasimama mbali."

Nikamkabidhi nyundo. Akaipokea, maskini, ikamvuta mkono mpaka chini. Watu walicheka mpaka mwenye duka la simu ng'ambo akafunga duka aje kuona. Priscah mwenyewe akaanza kucheka, kisha akaona Mama Shiro amesimama na kile kitambaa cha Jumapili, hacheki. Akaacha.

"Shemeji!" akaita ndani. "Silvanus! Kwani hii ni nini?"

Silvanus akatoka na kalamu zake. "Priscah, ingia ndani."

"Siingii. Si uliniambia ni fomu ya chama cha ukoo? Si ulisema nisaini tu, cheki ikitoka nikuletee wewe, unipe ya nywele?"

"Nyamaza, Priscah."

"Ninyamaze na umenipandisha jukwaani mbele ya kanisa? Huyu mama ni nani?"

Mama Shiro akajibu mwenyewe. "Mimi ni mke wa huyo unayemchongea."

Nimeona ukuta wa mawe ukianguka. Uso wa yule dada ulianguka polepole zaidi. Akaweka nyundo chini vizuri, kama mtu anayelaza mtoto, akasema mbele ya wote kwamba cheki haitaki, na mwenye mali apewe. Siku hizi nikimwona namsalimu kwa heshima, si ile ya mzaha.

Lakini Mburu alitoka akainua mikono. Akasema maneno yaliyosemwa mlangoni hayako kwenye kumbukumbu za mkutano. Jambo litaenda kwa kamati. Cheki ikafungiwa kabatini, na jiwe letu likaamriwa liondolewe kwa sababu linazuia njia. Tumekataa. Bado liko pale, wateja wanalikalia wakisubiri.

Wiki nyingi zimepita. Kila tukienda, kamati haijakaa. Kamati hiyo ni ya kwanza niliyoisikia isiyopenda kukaa, kwa kuwa wenzao wote wanalipwa kwa kukaa. Mama Shiro bado anabeba sukuma wiki kichwani. Nimemwona jana akipumzika mara tatu kutoka barabara ya Jogoo hadi mlangoni kwake.

Kwa nyinyi mnaobaki kazini: daini huo ushuru wa mawe uendelee kurudi kwa wachimbaji, msikubali ufutwe kwa sababu ya wezi watatu. Na mtu akiwapa fomu, msiulize kama ni mwaminifu. Ulizeni ni jina la nani hilo, herufi kwa herufi, mbele ya watu, hata akiwa anaimba kwaya.

Na sasa nasema na hao watatu. Wa kwanza ni mimi, Baba Neema. Niliweka kidole kwenye fomu nisiyoielewa, nimekiri, na nitakiri tena mahakamani nikiitwa. Nyinyi wawili mmebaki. Silvanus, cheti cha kifo ulichokipokea kwa mikono miwili ulikipeleka wapi? Mburu, ulisoma jina la Priscah kwa maikrofoni: ulikuwa umewahi kumwona na nyundo, siku gani, upande gani wa shimo? Na huko ofisi ya ushuru, nani alipiga muhuri orodha yenye fundi mkuu ambaye hajawahi kuingia machimboni? Msinijibu kwamba ni mfumo. Mfumo hauna mdomo wala hauna shemeji. Jumamosi hii saa nne tutakuwa mlangoni pa ofisi, na Mama Shiro ataletewa kiti. Mmoja wenu atoke, asimame mbele yake, aseme, "Ni mimi," kisha afungue hilo kabati.